Kutafuta ukoo wa Kiayalandi uliotoka kijiji kilichobaki mahame

Mama mkwe wangu alikuwa na sentensi moja tu kuhusu asili ya watu wake: "Walishuka kutoka mlimani." Nilipomuuliza mlima upi, aliinua kidevu kuelekea dirishani, kama mtu anayeulizwa jua liko wapi. Mlima ulikuwa hapo hapo: Slievemore, mita 671, kisiwa cha Achill, kaunti ya Mayo, magharibi kabisa mwa Ayalandi. Chini yake, upande wa kusini, yapo mahame. Kuta za mawe za nyumba kati ya 80 na 100 zimefuatana kwenye mteremko kwa zaidi ya kilomita moja, hazina paa, hazina moshi, kondoo wanaingia na kutoka.

Mimi mzaliwa wa Tanga, niliyeolewa huku, ndiye niliyebeba kazi ya kuwatafuta, kwa sababu wanangu walianza kuuliza na hakuna aliyekuwa na jibu refu kuliko lile la mama. Nawaandikia wenzangu ambao watoto wao wana babu upande huu wa dunia, pamoja na wale wa Nairobi, Mombasa au Arusha wanaojua tu kwamba kulikuwa na babu Muayalandi. Mifano mingi ni ya Slievemore kwa kuwa ndiko nilikopita, lakini njia ni hiyo hiyo kwa kijiji chochote cha Ayalandi kilichohamwa.

Hatua ya kwanza: tafuta kitongoji kabla ya jina

Kwetu mtu akikuuliza "kwenu wapi?" humjibu mtaa unaolala. Unamtajia mahali alipozikwa babu yako. Ayalandi nao wana mahali pa namna hiyo, na panaandikwa serikalini. Nchi yote imegawanywa katika vipande vya ardhi zaidi ya 60,000, kila kimoja na jina lake na mipaka yake. Kwa Kigaeli kipande hicho huitwa *baile fearainn*. Mimi nitakiita kitongoji. Si lazima kiwe na nyumba hata moja. Watu wanaweza kufa, wakafukuzwa, wakapanda meli wote, na kitongoji kikabaki kwenye vitabu na ramani kwa jina lile lile. Hii ndiyo sababu kijiji kilichokufa bado kinatafutika.

Nilianza vibaya. Niliandika jina la ukoo na "Mayo" kwenye kila kisanduku cha kutafutia nilichokiona, miezi mitatu mizima. Achill imejaa akina Gallagher, Lavelle na Kilbane. Kutafuta Gallagher bila kitongoji ni sawa na kutafuta Juma Hamisi Dar es Salaam bila kujua hata wilaya.

Kama ukoo ulihamia ng'ambo, usianzie Ayalandi. Anzia pale safari ilipoishia, maana mhamiaji ndiye aliyekuwa na hamu ya kutaja kwao. Soma jiwe la kaburi, daftari la ndoa la kanisa, tangazo la kifo gazetini. Watu wengi wa Achill waliishia Cleveland, Ohio, na Achill na Cleveland zilifanywa dada mwaka 2003. Gazeti la Boston Pilot lilichapisha kuanzia 1831 hadi 1921 matangazo ya kutafuta ndugu waliopotezana, na mengi yanataja parokia na kitongoji. Daftari za benki ya wahamiaji ya New York, Emigrant Savings Bank, iliyofunguliwa 1850, nazo ziliandika asili ya mteja, kwa sababu karani aliitumia kumtambua mtu asiyejua kusaini.

Mwenye babu Muayalandi aliyekuja Afrika Mashariki akumbuke jambo moja: hadi 1922 Ayalandi yote ilikuwa chini ya Uingereza, kwa hiyo kwenye karatasi za kikoloni huenda babu ameandikwa Mwingereza tu. Usikate tamaa kwa neno hilo. Kama ni padre, bruda au sista mliyemfahamu kwenu, waandikie watunza kumbukumbu wa shirika lake. Kwa kawaida wanajua parokia aliyotoka.

Ukishapata jina, liandike kwa kila tahajia. Maofisa wa ramani walisikia Kigaeli na kuandika kwa masikio ya Kiingereza: An Sliabh Mór ikawa Slievemore, Dumha Acha, kijiji cha ufukweni hapo jirani, ikawa Dooagh. Tovuti ya logainm.ie ina majina yote mawili pamoja na rekodi za zamani. Halafu panga ngazi. Kwa Slievemore ni kitongoji cha Slievemore, parokia ya serikali ya Achill, baroni ya Burrishoole, kaunti ya Mayo. Ongeza wilaya ya sheria ya maskini, yaani eneo lililosimamia misaada ya maskini, ambayo ilikuwa Newport na baadaye Westport. Bandika ngazi hiyo ukutani. Kila daftari linatumia daraja lake, na asiyejua kwamba Achill iliwahi kuhesabiwa chini ya Newport atapita jina la babu yake bila kuliona.

Hatua ya pili: rudi nyuma kupitia vyeti na sensa

Anza na aliye hai, umrekodi kwa simu, umwache aongee. Kisha nenda irishgenealogy.ie, tovuti ya serikali, ambayo ni bure. Usajili wa vizazi, vifo na ndoa za watu wote ulianza tarehe 1 Januari 1864. Ndoa zisizo za Kikatoliki zilianza kusajiliwa 1845. Utaona picha ya ukurasa wenyewe kwa vizazi vilivyopita miaka 100, ndoa 75 na vifo 50.

Tahadhari ndogo iliyonisumbua: kuchelewa kusajili mtoto kulikuwa na faini, na kutoka Achill hadi kwa msajili hakukuwa karibu. Wazazi walisogeza tarehe mbele ili wasilipe. Ndiyo maana utakuta mtoto amebatizwa wiki mbili kabla ya "kuzaliwa". Amini tarehe ya padre.

Sensa za kabla ya 1922 zilizosalia nzima ni mbili, ya 31 Machi 1901 na ya 2 Aprili 1911, nazo zinasomeka bure kwenye tovuti ya Hifadhi ya Taifa ya Ayalandi. Ile ya 18 Aprili 1926 ilifungwa kwa miaka 100, hivyo mwaka wake wa kufunguliwa ni 2026. Usiishie kwenye orodha iliyochapwa. Fungua picha ya fomu. Fomu ya 1911 iliwauliza wanawake walioolewa mambo matatu: una miaka mingapi ndani ya ndoa, umezaa watoto wangapi wakiwa hai, na wangapi wako hai leo. Nilipofika kwenye mstari wa mama mmoja wa Dooagh, bibi wa watu wa mume wangu, nikakuta 11, kisha 7. Nilifunga kompyuta, nikaenda kukaa nje. Watoto wanne ambao hakuna mtu nyumbani aliyewahi kuwataja, na sasa nilijua nitafute vifo vinne.

Fomu nyingine, iitwayo B1, inaeleza nyumba: kuta za mawe au udongo, paa la nyasi au la kudumu, vyumba vingapi, madirisha mangapi mbele, na nani mwenye ardhi. B2 inahesabu mabanda. Kuna pia safu ya lugha, na kwa wazee wa Achill mara nyingi utaona Kigaeli peke yake, bila Kiingereza.

Usishangae ukiona mtu aliyekuwa na miaka 50 mwaka 1901 amefika 66 mwaka 1911. Pensheni ya uzee ilianza kulipwa Januari 1909, shilingi 5 kwa wiki, kwa waliofikisha miaka 70. Vizazi vyao havikuwahi kusajiliwa, wengi hawakuijua tarehe yao ya kuzaliwa, na shilingi tano zilikuwa chakula. Siwalaumu hata kidogo. Tena ni pensheni hiyo hiyo iliyotuokolea kitu cha thamani, kama nitakavyoeleza.

Jihadhari na jambo moja kwa Slievemore: mwaka 1901 lilikuwa pia jina la wilaya ya uchaguzi, yenye vijiji vingine ndani yake. Ukiona Slievemore juu ya fomu, angalia jina la kitongoji lililo chini yake. Huenda mtu huyo aliishi Dooagh, ufukweni.

Hatua ya tatu: pale moto ulipopita

Kila anayetafuta Ayalandi hufika kwenye ukuta huu. Sensa za 1861 na 1871 ziliharibiwa kwa amri ya serikali. Za 1881 na 1891 zilisagwa kuwa karatasi wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Za 1821 hadi 1851 zilikuwa kwenye jengo la kumbukumbu la Four Courts, Dublin, na karibu zote ziliteketea tarehe 30 Juni 1922, vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza. Kijiji chako kilihesabiwa, nyumba kwa nyumba, kabla na baada ya ile njaa kuu ya miaka ya 1840. Karatasi ndizo zilizoungua.

Sasa ile pensheni. Kuanzia 1909 hadi moto ulipotokea, mzee asiye na cheti alimwomba karani amtafute kwenye sensa ya 1841 au 1851, ambako angeonekana kama mtoto. Karani aliandika alichokipata kwenye kipande cha fomu: majina ya baba na mama, kitongoji, wakati mwingine na ndugu. Daftari ziliungua, vipande vya fomu vikabaki. Vinaitwa fomu za utafutaji wa sensa, na Hifadhi ya Taifa imeziweka mtandaoni bure. Watafutaji wengi huzipita. Kwa kijiji kilichotoweka nazipa nafasi ya juu kabisa, kwani zinathibitisha kwamba familia fulani ilikuwa na moto jikoni mahali hapo mwaka 1851.

Daftari za Kikatoliki zilinusurika kwa kuwa zilikaa parokiani. Maktaba ya Taifa iliweka picha zake bure mwaka 2015, nyingi zikiishia karibu na 1880. Majina yameandikwa Kilatini mara nyingi, kwa hiyo James ni Jacobus, William ni Gulielmus, Bridget ni Brigida. Parokia maskini za magharibi zilianza kuandika kwa kuchelewa; Achill inaanzia mwishoni mwa miaka ya 1860. Kinachofariji ni kwamba mama huandikwa kwa jina la ukoo wa baba yake, kama mwambao wetu ambako mwanamke hubaki binti fulani hata akiwa na wajukuu. Andika na majina ya wasimamizi wa ubatizo, kwa kuwa mara nyingi ni shangazi na wajomba.

Hatua ya nne: Makadirio ya Griffith, ukurasa wa kijiji kizima

Hapa kaa. Kati ya 1847 na 1864 serikali ilichapisha orodha ya kila mwenye nyumba au shamba Ayalandi nzima, ili ijulikane nani alipe kodi ya kusaidia maskini. Kwa kuwa sensa za miaka hiyo hazipo, orodha hiyo ndiyo iliyo karibu zaidi na picha ya kijiji. Iko bure kwenye askaboutireland.ie, pamoja na ramani zake. Mayo ilifanywa katikati ya miaka ya 1850.

Ukurasa una safu kadhaa. Ya kwanza ni namba na herufi zinazolingana na ramani. Inafuata safu ya mkaaji, halafu ya aliyempangisha, yaani kabaila. Kisha maelezo, kama "nyumba na ardhi" au "nyumba" peke yake, halafu ukubwa na thamani. Mwenye "nyumba" peke yake hakuwa na shamba; alikuwa kibarua, na njaa inapopiga huyo ndiye wa kwanza kuondoka.

Katika vijiji kama Slievemore utakutana na kitu kinachowachanganya wengi: majina kumi, kumi na tano, yamefungwa kwa mabano, mbele yake kipande kimoja cha ardhi. Si kosa la mchapishaji. Watu walishika ardhi kwa pamoja kwa utaratibu uitwao *rundale*. Kila nyumba ilipata vishamba vilivyotawanyika, kimoja penye rutuba, kingine penye mawe, na baada ya muda viligawanywa upya ili asionewe mtu. Mlima ulikuwa malisho ya wote. Kwa hiyo usitarajie mpaka wa shamba la babu, hakuwa nao. Alikuwa na haki ndani ya kundi, na majina mengine kwenye mabano yale ni ya majirani, mara nyingi ni shemeji na binamu pia. Nakili yote.

Tazama pia mabano madogo baada ya jina. John (Pat) maana yake ni John wa Pat, aliyetofautishwa na John wa Michael anayekaa mlango wa pili. Mpaka leo Achill mzee anaweza kuitwa kwa jina lake, la baba na la babu, bila ukoo kutajwa kabisa, sawasawa na Ali Juma Hamisi wa Pangani. Nilipoliona hilo nikacheka peke yangu maktaba. Muayalandi aliyekaa karibu yangu hakulijali sana. Mimi niliusoma ukurasa kama ninayesoma majina ya mtaa wetu.

Baada ya Griffith kuna daftari za marekebisho, zilizoko Dublin chini ya Tailte Éireann, wakala wa serikali wa ardhi na ramani. Maofisa walirudi kwenye kitongoji mara kwa mara na kufuta jina la zamani kwa wino wa rangi, rangi moja kwa mwaka mmoja. Daftari hizi zinaonyesha kijiji kinavyokufa: jina la mume linafutwa, la mjane linaingia, linafutwa, kisha karani anaandika kwamba nyumba imebomoka. Omba nakala ya rangi. Nyeusi na nyeupe haina maana hapa.

Kama ukoo hauonekani Griffith, rudi nyuma kwenye daftari za fungu la kumi za 1823 hadi 1837 au 1838, zilizoandikwa kwa ajili ya kodi ya kanisa la Kianglikana. Zina wakulima peke yao, nyumba za mjini hakuna.

Hatua ya tano: jua kwa nini waliondoka, usibahatishe

Kila familia itakuambia "njaa", na mara nyingi ni kweli. Mwaka 1845 ugonjwa wa ukungu ulishambulia viazi ambavyo kwa watu wa magharibi vilikuwa karibu chakula chote. Nchi iliyokuwa na watu milioni 8.2 mwaka 1841 ilibaki na milioni 6.5 mwaka 1851. Karibu milioni moja walikufa, zaidi ya milioni wakahama. Kifungu cha sheria cha 1847 kilimnyima msaada yeyote anayeshika zaidi ya robo ekari, hivyo mtu alichagua kati ya shamba na uji. Vibanda duni vya chumba kimoja vilivyohesabiwa 1841 vilikaribia 500,000. Miaka kumi baadaye vilikuwa chini ya 140,000. Soma tena tarakimu hizo ukifikiri kila kibanda kilikuwa na mlango na jina la mtu.

Hata hivyo Slievemore haikuhamwa usiku mmoja. Wengine walifukuzwa, wengine walishuka ufukweni Dooagh ambako kulikuwa na samaki na mwani wa kurutubisha mashamba, na Misheni ya Kiprotestanti ya Dugort, iliyoanza miaka ya 1830, ilipata sehemu kubwa ya kisiwa miaka ya 1850 na kuwa kabaila. Baadaye watu wa Dooagh walizitumia nyumba zile zile kama kambi za kiangazi, wakipanda na ng'ombe, desturi iliyodumu hadi miaka ya 1940. Wanaakiolojia wamechimba hapo tangu 1991. Kwa hiyo maneno ya mama mkwe yalikuwa sahihi herufi kwa herufi. Walishuka.

Chunguza pia safari zilizofadhiliwa. Kati ya 1882 na 1884 mfadhili James Hack Tuke aliwalipia nauli zaidi ya watu 9,000 wa Mayo na Galway kwenda Marekani na Kanada, na meli nyingi zilichukua watu kutoka Blacksod, kaskazini tu mwa Achill. Familia iliyotoweka ghafla yote kwa pamoja, miaka hiyo, huenda ilikuwa miongoni mwao.

Kwa sauti za wenyewe, nenda duchas.ie. Mwaka 1937 hadi 1939 watoto wa shule walitumwa kuwauliza wazee na kuandika kwenye madaftari: nyumba zilizobomoka, njaa, visima, majina ya mashamba. Tafuta kwa jina la shule iliyo karibu na kitongoji.

Hatua ya sita: nenda

Chukua ramani ya inchi sita kwa maili moja, ya kwanza ikiwa ya miaka ya 1830, inayoonyesha kila nyumba kama kidoti cheusi. Iweke pamoja na ramani ya Griffith na picha ya setilaiti. Anzia makaburi ya kale yaliyo mwisho wa mashariki wa mahame, ambako mawe mengi hayana maandishi kabisa, halafu fuata njia kwenda magharibi. Nenda asubuhi mapema au jioni, jua likiwa chini, ili vivuli vikuonyeshe matuta ya viazi yaliyopanda mteremko. Hakuna aliyeyalima kwa miaka mingi, na bado yapo, moja baada ya jingine kama nywele zilizosukwa. Funga kila geti ulilofungua. Usichukue jiwe, mahali hapa panalindwa na sheria.

Tulikwenda na mama mkwe mwezi wa Mei. Nilikuwa nimempa matumaini ya nyumba moja, na ilibidi nimweleze ukweli pale pale: karatasi zilitufikisha kwenye kikundi cha nyumba, na kwa sababu ya *rundale* haziwezi kusogea zaidi ya hapo. Akasema haidhuru. Aliingia ndani ya kuta za mojawapo, chumba kimoja kirefu, mwisho mmoja palipokuwa na moto, mwisho wa pili walipolala ng'ombe, mfereji wa mawe ukitoka chini ya mlango. Ukutani, kwa kimo cha goti, kulikuwa na pete ya jiwe ya kufungia ng'ombe. Alimwita mwanangu mdogo, akamshika mkono, akaupitisha kidole kwa kidole ndani ya pete ile, upande wa chini ambao kamba imelisugua jiwe hadi likawa laini.